Afya Yako: Muhogo Mchungu Hautaki Haraka

Leo tunazungumza juu ya chakula unachokijua vizuri. Tunazungumza juu ya muhogo, viazi vitamu, magimbi na viazi vikuu. Vyakula hivi vyote huota chini ya ardhi. Huvioni mpaka uchimbe.

Watu wa Mtwara hawahitaji kufundishwa kuupenda muhogo. Pita Mikindani, pita Madimba na Msimbati. Shuka mpaka Kilambo, Mahurunga na Kitaya, karibu na mto Ruvuma. Utaona muhogo kati ya mikorosho. Utauona chini ya minazi. Utaona makopa yameanikwa juani. Muhogo huvumilia mchanga wetu. Huvumilia jua. Mvua ikikatika, mahindi hufa, lakini muhogo hubaki. Ndiyo maana wazee wetu waliuamini.

Lakini muhogo una jambo moja la hatari. Jambo hilo limewalemaza watoto katika mkoa wetu. Tusome pamoja ili tulijue, na tujue namna ya kulizuia. Dawa yake ya kwanza haiko hospitali. Iko katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yako.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Januari. Mvua imeanza, kazi ya kulima ni nyingi. Fedha ya korosho imekwisha. Ghalani hamna kitu. Mama mmoja kijana anakwenda kwa bibi yake asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona mapema leo?"

"Nimekuja kuomba ungo, bibi. Jana niling'oa muhogo. Nataka niutwange leo, niuanike kidogo, watoto wale jioni."

"Muhogo upi? Ule wa shamba la mbali?"

"Ndiyo bibi."

"Ule ni mchungu, mjukuu wangu. Hata nguruwe mwitu huupita. Huo hauliwi leo wala kesho."

"Najua bibi. Lakini watoto watakula nini?"

Hapo bibi alinyamaza.

Ndugu msomaji, bibi huyu anaijua sheria ya muhogo mchungu. Hata mjukuu wake anaijua. Lakini sheria peke yake haijazi chungu. Njaa ikiingia ndani, watu hufanya haraka. Na haraka ndiyo inayoleta madhara.

SUMU ILIYOMO NDANI YA MUHOGO

Iko mihogo mitamu na iko mihogo michungu. Yote miwili ina sumu, lakini kiasi hakilingani. Muhogo mtamu una sumu kidogo. Ukiumenya na kuuchemsha vizuri, unaweza kuula. Muhogo mchungu una sumu nyingi. Kuuchemsha tu hakutoshi.

Sumu hiyo huitwa sianidi. Je, inatoka wapi? Ndani ya mzizi kuna vitu viwili vilivyotengana. Kila kimoja kimekaa mahali pake. Ukikata, ukikuna au ukitwanga muhogo, vitu hivyo hukutana. Vinapokutana hufanya sianidi. Mnyama anayetafuna muhogo mbichi huonja uchungu, akaacha. Ndiyo maana wakulima wengi hupanda muhogo mchungu katika mashamba ya mbali. Nguruwe mwitu na nyani hawauharibu sana kama ule mtamu.

Sianidi ina tabia moja nzuri kwetu. Hupaa hewani kama moshi, na pia huondoka na maji. Basi, ukiupa muhogo maji na muda, sumu itafanyika, kisha itatoka kabla hujaula.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hukosea. Kukauka siyo kutoka sumu. Ukianika vipande vinene vya muhogo mchungu katika jua kali, maji yatakauka upesi. Maji yakikauka, kazi ya kutoa sumu husimama katikati. Makopa yatakuwa meupe na mazuri kwa macho. Lakini sumu nyingi itakuwa bado imo ndani. Utaitwanga pamoja na unga. Utaila pamoja na ugali.

Jambo jingine ni ukame. Mwaka wa jua kali, sumu ya muhogo huongezeka. Hata aina uliyoizoea inaweza kuwa kali kuliko mwaka jana. Kwa hiyo mwaka wa njaa ndio mwaka wa kuwa na uangalifu zaidi.

MADHARA YALIYOKWISHA KUTOKEA

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Yametokea, tena karibu nasi.

Mwaka 1981 ukame uliipiga nchi jirani ya Msumbiji, katika mkoa wa Nampula. Mazao mengine yalikufa. Watu walibaki na muhogo mchungu tu. Waliula bila kusubiri. Watu zaidi ya 1,000 walilemaa miguu. Wengi walikuwa watoto na akina mama.

Mwaka 1985 ulemavu kama huo ulionekana Tarime, katika mkoa wa Mara.

Mwaka 1988 upungufu wa chakula uliwabana watu katika wilaya ya Masasi. Muhogo mchungu ulitayarishwa kwa haraka kuliko desturi. Watu waliokula ugali wake waliugua kwa sumu.

Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulemavu wa miguu ulionekana tena kusini mwa Tanzania, na mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa.

Ugonjwa huu wa miguu huitwa konzo. Jina hilo limetoka Kongo, ambako daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Katika lugha ya Wayaka wa huko, maana yake ni miguu iliyofungwa.

DALILI ZAKE

Jifunze kutofautisha mambo mawili.

La kwanza ni kulewa sumu. Hili huja saa chache baada ya kula. Mtu huumwa kichwa. Huona kizunguzungu. Hutapika. Tumbo humuuma, na mwili hulegea. Mgonjwa wa namna hii apelekwe zahanati au hospitali mara moja. Usingoje asubuhi. Mtu anaweza kufa. Mweleze mganga kwamba amekula muhogo, tena wa namna gani.

La pili ni konzo. Hii huwapata watu waliokula muhogo wenye sumu nyingi kwa majuma kadhaa, huku wakikosa samaki, nyama na kunde. Huja ghafla. Mtoto jana alikuwa anacheza. Leo miguu yote miwili imekakamaa, haikunjuki vizuri. Akitembea, hutembea kwa ncha za vidole. Wengine hawawezi kusimama kabisa. Huwapata zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Konzo haina dawa ya kuiponya. Miguu ikishakakamaa, hubaki hivyo maisha yote. Mazoezi na fimbo za kutembelea humsaidia mgonjwa. Lakini konzo inaweza kuzuiwa. Na jambo linaloweza kuzuiwa ni aibu kuliacha litokee.

Konzo haiambukizi. Usimtenge mgonjwa. Tena konzo siyo uchawi. Usipoteze fedha yako na undugu wako kwa kumtafuta mchawi. Mtafute muhogo uliotayarishwa vibaya. Mtoto mwenye konzo akili yake ya kujifunza anayo. Apelekwe shule kama wenzake.

NAMNA YA KUTOA SUMU

Ziko njia nzuri tatu. Chagua moja kwa kadiri ya maji uliyo nayo.

Njia ya kwanza ni kuloweka. Menya muhogo, ukate vipande. Uloweke katika maji yanayoufunika wote. Uache siku 3 mpaka ulainike kabisa. Wakati wa baridi uongeze siku moja. Kisha utoe, uukamue, uondoe mizizi ya kati, uuanike. Maji uliyolowekea yana sumu. Yamwage mahali ambapo mbuzi na kuku hawatakunywa. Hata maganda mabichi ya muhogo mchungu usimpe mbuzi.

Njia ya pili ni kukuna na kukamua. Huko Amerika ya Kusini, ambako muhogo ulitoka zamani, watu hukuna muhogo mbichi na kuukamua maji yake kwa nguvu. Chicha lake hukaangwa au hukaushwa. Hata hapa kwetu unaweza kukuna muhogo, ukautia katika gunia safi, ukaugandamiza kwa mawe mazito. Uache maji yachuruzike siku mbili au tatu. Kisha uuanike.

Njia ya tatu ni kulowesha unga. Njia hii inafaa sana mahali penye shida ya maji, kama vijiji vingi vya uwanda wa Makonde. Ilitafutwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Akina mama wa vijiji vilivyopatwa na konzo hapa mkoani Mtwara walifundishwa njia hiyo. Ni rahisi. Fanya hivi:

1. Tia unga wa muhogo katika beseni. Usawazishe juu. Weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia.

2. Tia maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Kwanza unga utashuka chini ya alama. Endelea kutia maji na kuchanganya. Unga uliolowa ukipanda tena na kufika kwenye alama, acha kutia maji.

3. Tandaza unga huo juu ya mkeka safi au sinia. Uwe mwembamba. Unene usizidi upana wa kidole chako kidogo.

4. Uache juani saa 2. Kama hakuna jua, uache kivulini saa 5. Sumu itapaa na kwenda zake.

5. Songa ugali siku ile ile. Usiuache unga uliolowa mpaka kesho, maana utaharibika.

Saa 2 si nyingi. Ni muda wa kwenda kisimani na kurudi. Ndugu msomaji, miguu ya mtoto haifai kupotea kwa sababu ya saa 2.

Kisamvu nacho kina sumu kikiwa kibichi. Kitwange vizuri, kisha kichemshe kwa muda mrefu bila kukifunika.

DAWA YA NJAA NI BUSTANI

Sasa turudi kwa yule bibi aliyenyamaza. Mjukuu wake alimwuliza, "Watoto watakula nini?" Swali hilo lazima lijibiwe mapema, siyo siku ya njaa. Jibu lake ni hili: kuwe na chakula cha mizizi karibu na nyumba, kisicho na hatari, kinachoweza kuchimbwa leo na kuliwa leo.

Wazee wanasema akiba haiozi. Muhogo mtamu ulio ardhini ni akiba. Kiazi kikuu kilicho ghalani ni akiba. Mwenye akiba hana haja ya kuuharakisha muhogo mchungu. Atauloweka siku 3 bila wasiwasi, kwa sababu leo ana kitu cha kupika.

Huhitaji shamba kubwa. Pima hatua 10 kwa hatua 10 nyuma ya nyumba yako. Weka ua wa matete au makuti ili mbuzi wasiingie. Chagua mahali palipo mbali na choo. Kama unakaa karibu na bahari, usichague mahali panapofikiwa na maji ya chumvi. Mchanga wetu hauna rutuba nyingi. Kwa hiyo uutie samadi iliyooza, majani yaliyooza na takataka za jikoni zinazooza.

Muhogo mtamu. Panda mistari 4. Kila mstari uwe na mashina 10. Nafasi kati ya shina na shina iwe meta 1. Utapata mashina 40. Kata vipande vya mti wa muhogo vyenye urefu wa sentimeta 20 mpaka 30. Vikate kutoka mashina yaliyokomaa na yenye afya. Panda mvua zinapoanza, mwezi wa Desemba au Januari. Baada ya miezi 9 mpaka 12 utaanza kuchimba, shina moja moja, kwa kadiri ya haja yako.

Angalia magonjwa mawili. La kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya njano na kujikunja. La pili ni michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu unaijua sana pwani yetu. Majani yanaweza kuonekana mazuri, lakini ukikata muhogo ndani unakuta sehemu ngumu za kahawia zisizolika. Usichukue mbegu katika shina lenye ugonjwa, wala usiipokee kwa rafiki bila kuikagua. Muulize bwana shamba juu ya aina zinazovumilia magonjwa. Watafiti wa kilimo wapo hapa hapa mkoani, Naliendele, na muhogo ni mojawapo ya mazao wanayoyashughulikia.

Neno moja la hadhari. Usichanganye mbegu ya muhogo mtamu na ya muhogo mchungu. Mtamu uwe nyumbani. Mchungu uwe shamba la mbali. Watoto wafundishwe kutotafuna muhogo mbichi wa shambani.

Viazi lishe. Hivi ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Majina ya baadhi ya aina zake ni Kabode, Mataya, Kiegea na Jewel. Rangi hiyo si pambo. Ndiyo yenye vitamini A. Vitamini A huyalinda macho ya mtoto na huusaidia mwili wake kupigana na magonjwa. Mtoto asiyeona vizuri jioni, akajikwaa kila mara jua likizama, huenda anaikosa. Kiazi lishe kimoja cha kuchemsha, kinachokaribia ukubwa wa ngumi, humtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Mpe pamoja na mafuta kidogo au tui la nazi, maana vitamini A huingia mwilini vizuri pamoja na mafuta.

Tengeneza matuta 3 yenye urefu wa hatua 10. Panda marando yenye urefu wa sentimeta 30. Fukia sehemu mbili kati ya tatu. Acha nafasi ya sentimeta 30. Tuta moja litachukua marando 30 au zaidi kidogo. Palilia, na uinulie udongo kila unapoona nyufa. Nyufa ni mlango wa fukusi. Fukusi akiingia, kiazi huwa kichungu na hakiliki. Baada ya miezi 4 hivi viazi viko tayari. Majani yake, yaani matembele, ni mboga nzuri.

Wengi hupoteza mbegu ya viazi wakati wa kiangazi. Iko njia rahisi ya kuihifadhi. Panda marando machache pale maji ya kuogea yanapotokea. Yatabaki hai mpaka mvua ijayo.

Magimbi. Haya yanapenda unyevu. Yapande hapo hapo penye maji ya kuogea, au bondeni kama una sehemu salama. Wenye mashamba kando ya Ruvuma wanajua kazi ya viboko na mafuriko. Kwa hiyo usiweke magimbi yako yote bondeni. Gimbi lisiloiva huwasha koo. Lichemshe mpaka liive kabisa.

Viazi vikuu. Chimba shimo karibu na mti ambao mmea utapanda juu yake. Shimo liwe na kina cha mkono mpaka kiwiko. Lijaze udongo na samadi. Panda kipande cha kiazi chenye chipukizi mvua zinapoanza. Utavuna baada ya miezi 8 mpaka 10, majani yakishakauka. Usikijeruhi kiazi wakati wa kuchimba. Kiweke mahali penye kivuli na hewa. Kitakaa miezi kadhaa bila kuoza.

Pembeni mwa bustani panda mbaazi. Katikati ya muhogo panda kunde au choroko. Usidhani hizi ni nyongeza tu. Mwili huipunguza nguvu sumu ya muhogo kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili. Vyakula hivyo ni samaki, dagaa, mayai, maharage, kunde na mbaazi. Mtu anayekula ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki ana kinga kuliko yule anayekula ugali na chumvi. Nasi watu wa pwani tunaye samaki. Usiwauze wote Mtwara mjini, ukawaachia watoto mchuzi mtupu.

CHAKULA CHA MIEZI YA NJAA

Sasa hesabu pamoja nasi. Mwezi wa Januari umefika, na ulipanda bustani mwaka jana. Muhogo mtamu umekomaa ardhini. Viazi vikuu ulivyovuna viko ghalani. Magimbi yako penye maji ya kuogea. Na viazi vitamu? Uliokuwa nao wakati wa mavuno uliukata vipande vyembamba, ukavikausha, ukavihifadhi. Wenzetu Wasukuma wamefanya hivyo siku nyingi, na huviita michembe.

Siku hiyo mjukuu hataomba ungo kwa haraka. Ataloweka muhogo wake mchungu, atachimba shina moja la muhogo mtamu, atainjika chungu.

Tunajua pia kwamba wakati wa shida watu huingia porini kuchimba ming'oko. Ming'oko ni chakula chetu cha heshima. Huuzwa hata sokoni, na kila mtu wa kusini anaijua ladha yake. Lakini si kila kiazi cha mwituni ni mng'oko. Viko viazi vya porini vyenye sumu kali. Usiwatume watoto peke yao. Usile kiazi cha porini ambacho wazee hawakitambui.

MAMBO MADOGO YA KUKUMBUKA

Usianike makopa juu ya mchanga wala kando ya barabara. Yaanike juu ya kichanja au mkeka safi.

Usitie makopa wala unga katika mifuko iliyokuwa na salfa ya mikorosho au dawa yoyote ya shambani. Hata ukiifua, usiitumie kwa chakula.

Makopa yenye ukungu mweusi au wa kijani, yatupe. Usiyachanganye na mazuri.

Tumia chumvi yenye madini joto. Sumu ya muhogo inaweza kuongeza ugonjwa wa tezi la shingo kwa mtu asiyepata madini hayo.

Baba usimwachie mama kazi yote. Kuloweka kunataka maji, na maji yanataka mikono. Ukimharakisha mkeo kwa kuuliza, "Chakula bado?" wewe ndiwe unayeleta haraka ndani ya nyumba.

Mwaka 1973 Watanzania wengi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 wakasoma tena katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walipanda bustani. Hawakusoma ili wapate cheti tu. Walisoma, kisha wakatenda. Nawe, ndugu msomaji, fanya hivyo. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha chukua jembe, pima hatua 10 kwa hatua 10.

Haraka haraka haina baraka. Muhogo mchungu hautaki haraka. Mwenye bustani anaweza kuusubiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini makopa meupe na makavu yanaweza kuwa na sumu bado?

2. Taja njia tatu za kutoa sumu katika muhogo mchungu. Ipi inafaa kijiji chenu, na kwa nini?

3. Konzo na kulewa sumu ya muhogo vinatofautianaje?

4. Ni miezi ipi ambayo chakula hupungua katika kijiji chenu? Ni mizizi gani mnaweza kuipanda mwaka huu ili iwepo miezi hiyo?

5. Tafuta beseni, unga wa muhogo na maji. Leseni unga huo pamoja kikundini, mkifuata hatua 5 mlizosoma, kisha mpike ugali na kuula pamoja.